SOMO LA JUMA: DINARI MBILI ZA MSAMARIA
Soma Luka 10:30-35

Tukisimulia habari ya Msamaria tunataja mafuta, divai na punda wake, lakini tunasahau dinari mbili. Siku zile dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2). Msamaria alilipa, tena akakubali kubeba deni litakaloongezeka. Angemwacha majeruhi pale bila malipo, nani angemlisha?

Hapa Burundi jambo hili limeonekana. Mwaka 2002 hospitali za serikali zilianza kuwadai wagonjwa gharama zote za matibabu. Septemba 2006 Human Rights Watch na APRODH walitoa ripoti juu ya maskini wasio na bima waliopona lakini wakazuiliwa kwa sababu ya deni, hata katika hospitali ya Prince Régent Charles hapa Bujumbura. Wengine walikaa majuma, wengine miezi, na miongoni mwao walikuwamo akina mama waliozaa kwa upasuaji. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo Rais Nkurunziza alikuwa ametangaza matibabu ya bure kwa akina mama wanaojifungua na watoto chini ya miaka mitano. Wengi walishukuru. Lakini mzee mgonjwa na kijana aliyevunjika mguu hawakuwa katika tangazo hilo.

Sisi wakimbizi tunajifunza nini?

1. Tusifiche mgonjwa kwa kuogopa deni. Malaria ikitibiwa mapema ni dawa za siku tatu. Ikichelewa, mgonjwa huweza kuhitaji kitanda na damu, na deni huwa kubwa zaidi.

2. Tutunze karatasi zetu za ukimbizi. Tuulize mapema, kabla ya ugonjwa kuingia nyumbani, wakimbizi wanatumwa kituo gani cha afya na nani analipa.

3. Tukimtembelea mgonjwa, tuombe, kisha tuulize deni limefika wapi. Kila kikundi cha maombi kiweke akiba kidogo kila Jumapili, na mweka hazina asomee wote hesabu.

4. Tusiulize kabila. Msamaria hakuuliza. Yeye mwenyewe alidharauliwa na watu wa nchi ile, lakini ndiye aliyelipa. Basi, nasi wageni tusijihesabu kuwa wa kupokea tu.

Maswali ya kujadili nyumbani: Nani jirani yetu yuko hospitalini leo? Dinari zetu mbili ni zipi?

Bwana awabariki.