Mpiga Santuri Aliyeendelea Kujifunza

Je, nyumbani kwako kuna redio? Bila shaka umewahi kuona jambo hili. Jioni kijana anafungua redio. Muziki mpya unalia kwa sauti kubwa. Baba yake anatoka ndani na kusema, "Zima hizo kelele! Muziki ulikuwa zamani." Kijana anazima redio na kunyamaza. Pengine hata baba huyo, alipokuwa kijana, aliambiwa na baba yake maneno hayo hayo.

Katika somo hili utasoma habari za mtu mmoja wa Uingereza. Kazi yake ilikuwa kupiga santuri redioni. Watu wa kazi hiyo vijana huwaita madijei. Mtu huyu alipenda muziki tangu utotoni mpaka alipokufa. Lakini hakupenda muziki wa namna moja tu. Soma habari zake, kisha uamue mwenyewe kama alifanya vyema.

MTOTO WA MFANYABIASHARA WA PAMBA

Jina lake la kazi lilikuwa John Peel. Jina alilopewa na wazazi wake ni John Ravenscroft. Alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1939, karibu na mji wa Liverpool. Siku chache baadaye Vita Kuu ya Pili ilianza. Baba yake, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa pamba, alikwenda vitani. Mtoto alikua miaka ya kwanza bila kumjua baba yake vizuri.

Shuleni John hakusifiwa sana. Yeye alipenda santuri. Mwaka 1956 alisikia sauti ya Elvis Presley, mwimbaji wa Marekani. Tangu siku hiyo muziki uliuteka moyo wake. Mwalimu mmoja aliandika katika ripoti kwamba kijana huyu anapenda sana santuri zisizosikilizika. Unaona, ndugu msomaji? Hata yeye aliambiwa kwamba muziki wake ni kelele.

Mwaka 1960 alikwenda Marekani kujifunza biashara ya pamba. Biashara hiyo haikumwingia moyoni. Akapata kazi katika vituo vya redio huko. Alirudi Uingereza mwaka 1967. Kwa miezi michache alitangaza kutoka kwenye meli iliyotia nanga baharini. Kisha serikali ikapitisha sheria ya kukomesha utangazaji wa melini. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, shirika la utangazaji la Uingereza, yaani BBC, lilianzisha idhaa iitwayo Radio 1. John Peel alianza kazi hapo. Hakuondoka tena. Alikaa miaka 37.

BARUA ZA WASIKILIZAJI

Miaka ya mwanzo John alipiga muziki uliopendwa na vijana wa wakati ule. Nyimbo nyingi zilikuwa ndefu. Magitaa yalipigwa kwa ufundi mwingi. Wasikilizaji wake walimpenda. Walimwona kuwa ni mwenzao.

Mwaka 1976 alipata santuri ya kundi moja la mji wa New York, jina lake Ramones. Nyimbo zao zilikuwa fupi, kama dakika mbili tu. Zilipigwa kwa kasi na kwa nguvu. Wanamuziki hawakujali kuonyesha ufundi wa vidole. Muziki huo uliitwa panki. Wakati huo John alikuwa na umri wa miaka 36. Alisisimka kama alivyosisimka zamani alipokuwa mwanafunzi. Akaupiga muziki huo redioni.

Barua zikaanza kuja. Wasikilizaji wa zamani walikasirika. Walimtaka asipige tena kelele hizo.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Kama ungekuwa wewe, ungefanya nini? Mtangazaji asiye na wasikilizaji ni kama mama muuza nyanya asiye na wanunuzi. Atakula nini?

John hakuacha. Aliendelea kupiga kile alichoona kuwa ni kizuri. Wasikilizaji wengi wa zamani walimwacha, na hiyo ilikuwa hasara ya kweli. Lakini vijana wengine wakaja, wadogo kuliko wale wa kwanza. Tena John hakutupa vyote vya zamani. Usiku mmoja aliweza kupiga panki, kisha rege ya Jamaika, kisha wimbo wa Marekani uliorekodiwa kabla yeye hajazaliwa.

KUSIKILIZA NI KAZI

Watu wengine hudhani kwamba kupiga santuri ni mchezo. Sivyo. Kila juma John alipokea vifurushi vingi vya santuri na kaseti. Nyingi zilitoka kwa vijana wasiojulikana na wasio na fedha. Alijitahidi kuzisikiliza. Mwaka 1978 alipata santuri ya kundi la Undertones, vijana wa mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini. Aliipenda mno. Alipiga wimbo wao redioni, na ulipokwisha akaupiga tena papo hapo. Mpaka mwisho wa maisha yake alisema kwamba hakuna wimbo aliouPenda kuliko huo.

Vile vile aliwapa nafasi wanamuziki waje studio za BBC. Kwa kawaida walirekodi nyimbo nne hivi kwa siku moja. Katika miaka yake yote, makundi na waimbaji zaidi ya 2,000 walirekodiwa kwa ajili ya kipindi chake. Wengi wao hawakuwa na jina bado.

Alikosea pia. Santuri ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja. Ukikosea mwendo, mwimbaji husikika kama panya, au kama mtu anayesinzia. John alikosea mara nyingi, na watu wote wakasikia. Hakuona haya. Alisema kwamba amekosea, akaanza upya.

Jambo jingine: aliandika. Santuri zake kubwa zilizidi 26,000. Alizipa namba, na kuziandikia kadi zenye jina la mwanamuziki na majina ya nyimbo. Bila kadi hizo angepotea katika nyumba yake mwenyewe.

MAGITAA YA AFRIKA

Mwaka 1986 kundi la Bhundu Boys kutoka Zimbabwe lilifika Uingereza. Magitaa yao yalilia kwa kasi na kwa furaha, kama magitaa ya muziki wa dansi tunaoujua sisi. Waliimba kwa Kishona, lugha ambayo John hakuijua. Hata hivyo aliwapenda sana, akapiga santuri zao mara kwa mara. Mwaka 1989 alitimiza miaka 50. Katika sherehe yake walipiga muziki Four Brothers, kundi jingine la Zimbabwe. Baadaye, nywele zikiwa zimeanza kuwa na mvi, alipiga hata muziki wa vijana uliotengenezwa kwa mashine na kompyuta.

John Peel alikufa tarehe 25 Oktoba, 2004, akiwa safarini katika nchi ya Peru. Alikuwa na umri wa miaka 65.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, si kila kitu kipya ni kizuri. Si kila kitu cha zamani ni kibovu. Lakini utajuaje kama hukusikiliza? Wewe mwenyewe umeingia darasani ukiwa mtu mzima. Labda kuna waliokucheka, wakasema, "Mzee, utajifunza nini sasa?" Hukuwasikiliza. Leo unasoma ukurasa huu. Basi na sikio ni hivyo hivyo. Elimu haina mwisho.

Usiku wa leo, kijana wako akifungua redio, mwache wimbo mmoja uishe. Kisha mwulize, "Wimbo huu unasema nini?" Msikilize. Halafu mwimbie wimbo uliocheza wewe ulipokuwa kijana, umweleze nao unasema nini.

MANENO MAGUMU

Idhaa: matangazo ya redio ya kituo fulani.
Kurekodi: kuhifadhi sauti katika santuri au kaseti.
Kusisimka: kushikwa na furaha au hisia kali ghafla.
Santuri: sahani ya muziki inayozunguka chini ya sindano.

MASWALI

1. Baba yake John Peel alifanya kazi gani?
2. Kwa nini wasikilizaji wa zamani walikasirika mwaka 1976?
3. John alifanya nini alipokosea mwendo wa santuri?
4. Kadi zilimsaidia nini? Je, wewe una vitu gani vinavyofaa kuandikwa?
5. Zungumzeni darasani: Ni muziki gani uliochezwa hapa kijijini zamani ambao vijana hawaujui? Nani anaweza kuufundisha?