Reli ni chuma, ni njia, na pia ni ardhi

Anayetafuta ploti karibu na mji wa Kitale anaweza kuambiwa na broka, "Hapa reli ilikufa zamani, wewe jenga tu." Maneno hayo yanaweza kumgharimu akiba ya miaka mingi. Broka anasema juu ya vyuma vilivyofunikwa na nyasi, lakini sheria inasema juu ya ardhi. Wote wawili wanatumia neno moja, reli, na hapo ndipo mnunuzi hupotea.

Neno lenyewe limetoholewa kutoka Kiingereza. Maana yake ya kwanza ni kile chuma kirefu kinachokanyagwa na magurudumu ya treni. Kimefungwa juu ya mataruma, na mataruma yamelazwa juu ya kokoto. Kwa maana hiyo, kila njia ina reli mbili zinazokwenda sambamba. Katika njia ya zamani, inayopita Bungoma na kufika Kitale, nafasi kati ya reli hizo mbili ni mita 1. Katika reli ya kisasa, ambayo wengi huiita SGR, ni milimita 1,435. Ndiyo sababu behewa la SGR haliwezi kutembea juu ya njia yetu. Kuna pia shule ambazo kengele yake ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na mtoto wa huko huijua reli kwa mlio kabla hajaona treni.

Treni, au gari la moshi, ni kitu kingine. Mtu husema "reli imegonga ng'ombe" na akaeleweka, ila kwenye ripoti ya polisi au barua ya kudai fidia ni vizuri kuandika treni.

Maana ya pili ni njia nzima, pamoja na madaraja, matuta na stesheni zake. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye nyingine ilitoka Nakuru, ikapanda Timboroa, ikashuka Eldoret, ikapita Turbo, Webuye na Bungoma hadi Malaba, na mwaka 1931 ikaingia Kampala. Kitale haimo katika mstari huo. Ina tawi lake, linaloachana na njia kuu pale Leseru na kupitia Moi's Bridge, umbali wa kilomita 65 hivi. Tawi hilo lilifika Kitale mwaka 1926, na kwa miaka mingi lilibeba mahindi.

Tofauti hiyo ya njia kuu na tawi imewafanya majirani hawa wawili waione reli kwa macho tofauti. Bungoma reli inapita: mizigo ya Uganda huonekana, na hakuna wa kuwadanganya watu kwamba njia imeachwa. Kitale reli inaishia. Miaka mingi ilipita bila treni, vibanda vikasogea, vitunguu vikapandwa kando ya vyuma, na mtoto aliyezaliwa wakati huo akakua akiamini kwamba pale ni uwanja tu. Kisha Shirika la Reli likaanza kulifufua tawi hilo. Njia inapofufuliwa, vitu vya kwanza kuondolewa ni vile vilivyojengwa juu yake.

Mtu akisema "baba yangu alifanya kazi reli", anakusudia mwajiri. Leo mwajiri huyo ni Shirika la Reli la Kenya, lililoundwa mwaka 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo kuvunjika mwaka 1977. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka reli chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa barabara za kaunti, masoko na leseni za biashara. Kwa hiyo kibali cha biashara kinachotolewa na kaunti kinamruhusu mtu kuuza. Hakimpi haki juu ya ardhi anayosimama, hata kama amekilipia kila mwaka bila kukosa.

Ardhi ndiyo maana ya nne, na ndiyo inayozua kesi. Kando ya vyuma, pande zote mbili, kuna hifadhi ya reli. Upana wake si sawa kila mahali. Penye stesheni huwa mkubwa zaidi, kwa sababu ya maghala, nyumba za wafanyakazi na njia za kupishania. Kuhesabu hatua kutoka kwenye chuma hakutoshi kujua mpaka. Tena hifadhi haifi kwa kuwa treni haipiti. Wengi wamesikia kwamba ukikaa kwenye shamba miaka 12 bila kufukuzwa unaweza kulidai mahakamani. Dai hilo huwezekana kwa shamba la mtu binafsi likitimiza masharti ya sheria. Kwa ardhi ya umma halipo, hata ukikaa miaka 40.

Anayeuziwa ploti iliyo karibu na reli, iwe Kitale, Webuye au Bungoma mjini, afanye sachi katika ofisi ya usajili wa ardhi kabla ya kutoa hata arbuni. Achukue nakala ya ramani ya upimaji, na mpimaji mwenye leseni amwonyeshe mawe ya mpaka yakiwa ardhini. Muuzaji akisema anakodi kutoka kwa Shirika la Reli, aonyeshe mkataba, na mnunuzi authibitishe kwa shirika lenyewe. Mwenye mkataba wa kukodi hana ploti ya kuuza. Barua ya chifu, au makubaliano yaliyotiwa sahihi mbele ya wazee, haiwezi kuigeuza hifadhi ya reli kuwa mali ya mtu.