SOMO KWA WALIMU NA WAZAZI: MCHEZO UNAOFUNDISHA



Katika somo hili twapenda tutazame jambo ambalo mara nyingi huleta mabishano kati ya nyumbani na shule, nalo ni mtoto kucheza darasani. Mzazi apitaye dirishani na kusikia vicheko wakati wa hesabu husema, "Siku hizi hawafundishwi, wanacheza tu." Mwalimu naye, akiogopa kusemwa, hurudi kwenye ubao na chaki, na watoto hurudi kuitikia kwa pamoja maneno wasiyoyaelewa. Hasara humwangukia mtoto mzito wa kushika, kwa maana katika kuitikia kwa pamoja hakuna ajuaye kwamba yeye hajui.

1. Jambo hili si geni

Mwaka 1837 mwalimu mmoja Mjerumani, Friedrich Fröbel, alifungua mahali pa kuwalea watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg. Mwaka 1840 alipaita kwa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Aliwapa mipira ya nyuzi na vipande vya miti, wajenge, wapange na kuhesabu. Shule zetu za chekechea ni wajukuu wa bustani ile.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ujerumani kutafuta michezo. Wazee wetu walituachia bao, mdako na vitendawili, na kila mmoja una hesabu au lugha ndani yake.

2. Kipimo cha mchezo mwema

Si kila mchezo hufundisha. Wapo walimu wanaowapanga watoto safu mbili, wakimbie mmoja mmoja hadi ubaoni kuandika jibu, na safu inayomaliza kwanza ndiyo inayoshinda. Watoto hufurahi sana. Lakini tazameni ni nani anayeshinda: ni mwenye miguu myepesi. Somo limekuwa kama pambo tu juu ya mbio.

Basi kipimo chetu ni hiki: je, mtoto aweza kushinda bila kulijua somo? Kama aweza, mchezo huo ufae uwanjani. Kama hawezi, ufae darasani. Mchezo ule wa ubaoni waweza kutengenezwa kwa urahisi. Alama zihesabiwe kwa majibu yaliyo sahihi, wala si kwa kufika mapema, na safu nzima ishauriane kabla mtu hajaondoka.

3. Michezo mitatu iliyo karibu nasi

Bao. Ubao wa bao una safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kwa darasa la kwanza na la pili si lazima kuanza na sheria zote za watu wazima. Chimbeni ardhini safu moja ya mashimo manane, mtumie komwe au vijiwe. Mwalimu aulize: "Ukichota kete 5 katika shimo la tatu, ukazigawa moja moja kuelekea la nane, ya mwisho itaangukia wapi?" Mtoto aseme kwanza, kisha agawe na kuona. Ataikuta katika shimo la nane. Hapo amejumlisha 3 na 5, na kete zenyewe ndizo zilizomsahihisha.

Wakubwa wawekewe bao kamili. Kila mchezaji ana kete 32. Katika bao la Kiswahili anaanza na kete 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Waulizeni: mkononi zimebaki ngapi? Ni 22.

Mdako. Mchezaji hurusha kijiwe juu, na kabla hajakidaka huvikokota nje vijiwe vilivyomo shimoni. Hurusha tena, akavirudisha vingine na kubakiza nje idadi inayotakiwa: kimoja kimoja, kisha viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Wekeni vijiwe 12. Kwa viwili viwili mtoto atavitoa mara 6. Kwa vitatu, mara 4. Kwa vinne, mara 3. Akifika vitano vitano, atatoa mara 2 na vijiwe viwili vitabaki. Mtoto atauliza mwenyewe, "Hivi viwili nivifanyeje?" Hapo ndipo mwalimu amwonyeshe kugawanya kwenye baki. Ameuliza kwa haja, naye atasikiliza.

Vitendawili. Watoto waambiwe watunge vyao wenyewe kutokana na somo la jana. Mtoto aliyejifunza habari za mmea aweza kutega: "Nakula mwanga, nakunywa kwa miguu." Hawezi kukitunga kama hajui kazi ya majani na mizizi. Na wenzake wakishindwa, atadai mji. Atakayempa mji aseme pia mji huo uko wapi: akimpa Kigoma, ataje Ziwa Tanganyika, akimpa Tanga, ataje Bahari ya Hindi. Kwa mchezo mmoja mmefundisha sayansi, lugha na jiografia.

4. Asiyejua asitolewe nje

Jambo hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote. Michezo mingi ina sheria ya kumtoa aliyekosa. Katika rede, aliyepigwa na mpira hukaa pembeni, na hapana ubaya, kwa sababu ni mchezo wa uwanjani. Lakini tukiileta sheria hiyo katika mchezo wa kutaja tahajia au kuzidisha, wa kwanza kutoka ni yule asiyejua. Hukaa pembeni na aibu yake, huku wanaojua wakiendelea kujizoeza. Mwenye njaa ameondolewa mezani, na walioshiba wameongezewa.

Tazameni hekima iliyomo katika vitendawili. Aliyeshindwa hafukuzwi. Hutoa mji, husikia jibu, na mchezo huendelea naye akiwamo. Kesho aweza kuwategea wengine kitendawili kile kile. Sheria hii twaweza kuiweka katika kila mchezo wa darasani: aliyekosa aambiwe jibu lililo sahihi, alirudie, kisha baada ya zamu mbili tatu aulizwe tena lile lile. Akilipata, apewe alama kamili.

5. Darasa lenye watoto wengi

Walimu wengine watasema, "Mimi nina watoto 70, nitachezaje nao?" Neno hili ni la kweli, nalo latakiwa kujibiwa. Wagawe katika makundi saba ya watoto kumi kumi, wenye kuelewa wakichanganywa na wazito. Kila kundi liwe na kiongozi, naye abadilishwe kila juma. Sheria zielezwe kabla vifaa havijagawiwa. Dakika 15 zatosha. Zikiisha, watoto warudi kwenye daftari, waandike hesabu zile zile walizozicheza. Pasipo hatua hii, ujuzi hubaki katika vijiwe.

Tena tukumbuke kwamba mchezo hauchukui nafasi ya mwalimu. Jambo jipya lifundishwe kwanza kwa utaratibu, ndipo mchezo ulizoeze.

6. Neno kwa wazazi

Mtoto arudipo nyumbani na kusema, "Leo tumecheza duka," msimcheke. Muulizeni: "Mnunuzi alikuwa na shilingi 1,000, akanunua daftari la 500 na penseli ya 200. Ulimrudishia chenji ngapi?" Akijibu 300, mchezo ulifundisha. Akikosa, mwekeeni vizibo vya soda mezani, mcheze naye tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Chagueni mchezo mmoja wa watoto wa mtaani kwenu. Je, una hesabu gani au maneno gani ndani yake?

2. Katika darasa lenu, au katika Shule ya Jumapili, aliyekosa hufanywa nini? Twaweza kuibadilishaje sheria ili abaki mchezoni?

3. Ni mtoto gani wa jirani asiyepata mtu wa kucheza naye hesabu nyumbani? Nani kati yetu ataanza naye juma hili?