Lantana, Mgeni Mwenye Maua Mazuri

Mto Themi hutoka katika miteremko ya Mlima Meru, ukapita katika mji wa Arusha. Katika vichaka vya pande hizo huota mti mdogo wenye maua ya rangi nyingi, uitwao lantana. Wako wadhanio kuwa ni mmea wa nchi hii tangu zamani, sivyo. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Wazungu waliupenda kwa uzuri wake, wakaupanda katika bustani za nchi nyingi, nao ukatoroka bustanini ukaingia porini. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa jina la Lantana camara.

Jinsi ya kuutambua

Tazama kwanza shina: lina pembe nne, na mara nyingi lina miiba midogo iliyopinda. Majani huota mawili mawili yakielekeana. Kingo zake zina meno kama msumeno, na uso wake hukwaruza. Ukilifikicha jani, hutoa harufu kali. Maua ni madogo sana, yamekusanyika kama kichwa kimoja. Mara nyingi ua lichanuapo huwa la manjano, kisha hugeuka likawa la rangi ya chungwa, au la waridi, au jekundu.

Faida yake kwa viumbe

Kugeuka huko kuna maana. Ua changa la manjano lina maji matamu mengi; lililokwisha kugeuka lina machache. Vipepeo huijua alama hiyo, huliendea la manjano, wakaliacha jekundu. Chozi naye hunyonya maua hayo. Matunda huwa ya kijani kwanza, yakiiva huwa meusi. Ndege kama shore huyala, kisha huziangusha mbegu mbali. Tena ndege hupata maficho katika vichaka vyake.

Hasara yake

Lakini kimfaacho kipepeo chaweza kumwua ng'ombe. Wakati wa kiangazi, majani yakiwa haba, mnyama mwenye njaa hula lantana. Sumu yake huliharibu ini. Mnyama huacha kula, ngozi yake huungua kwa jua na kubambuka, na pengine hufa. Matunda mabichi nayo yana sumu, basi mtoto asiyaonje. Tena vichaka vyake husongamana hata miche ya miti ya asili haipati nafasi wala mwanga.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mgeni huyu hakushika jembe, ameshika shamba! Imempasa mwenye shamba kulishika jembe mwenyewe. Kufyeka hakutoshi, maana kisiki huchipuka tena. Sharti ang'oe mizizi, kabla matunda hayajaiva. Na mahali pake apande mti wa asili, kama mringaringa, ambao maua yake meupe hupendwa na nyuki. Hivyo viumbe vitapata chakula, na ng'ombe watakuwa salama.

Maswali

1. Taja alama tatu za kuitambua lantana.
2. Kwa nini vipepeo hupenda maua ya manjano?
3. Ndege huienezaje lantana?
4. Kwa nini kufyeka peke yake hakutoshi?