Kwa Nini Dawa za Mzio Huleta Usingizi?

Mzio ni hali ya mwili kupambana na kitu kisicho na madhara, kama vile vumbi la nyumbani au chavua ya maua, kana kwamba ni adui. Kitu hicho kiingiapo puani, baadhi ya seli za kinga hutoa kemikali iitwayo histamini. Kemikali hii hujipachika katika vipokezi vilivyomo juu ya seli nyingine, mfano wa ufunguo katika kufuli. Hapo mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja majimaji, neva husisimka, na mgonjwa hupiga chafya na kutokwa na kamasi.

Dawa za mzio haziiondoi histamini mwilini. Kazi yake ni kuvikalia vipokezi hivyo ili histamini ikose pa kushika. Daniel Bovet, aliyeanza utafiti wa dawa za namna hii katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957.

Lakini histamini ina kazi nyingine pia. Ndani ya ubongo, kundi dogo la neva huitoa ili kumweka mtu macho, na vipokezi vinavyohusika ni vya aina ile ile iliyomo puani. Dawa za zamani, kama klorofeniramini ijulikanayo na wengi kwa jina la Piriton, huyeyuka katika mafuta; kwa hiyo hupenya kwa urahisi kuta za mishipa zinazoulinda ubongo. Zikifika huko, huziba vipokezi vya kukesha kama zilivyoziba vya puani. Dawa za baadaye, kama loratadini na feksofenadini, hupenya kwa shida, na sehemu kubwa ya kiasi kinachopenya husukumwa na protini za kuta hizo kurudi katika damu.

Basi usingizi si dalili kwamba dawa ina nguvu, bali ni dalili kwamba imefika mahali isipohitajika. Tena, wepesi wa akili na wa mikono waweza kupungua hata kabla mtu hajahisi kusinzia, na pombe huzidisha hali hiyo. Kwa sababu hiyo, dereva, fundi wa mashine na mwanafunzi aendaye kwenye mtihani hawana budi kumwuliza mfamasia, kabla ya kumeza kidonge, kama dawa hiyo ni ya aina iletayo usingizi.