SOMO: Barabara Inapotaka Kupita Mtaani



Wengi wetu tumewahi kuamka asubuhi tukakuta vigingi vimechomekwa kando ya nyumba, au alama ya X imepakwa ukutani kwa rangi nyekundu. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema, "Maendeleo hayapingwi." Wa pili husema, "Sihami, hata waje na matingatinga." Na wa tatu hunyamaza, kwa kuwa nyumba yake haikuguswa. Katika somo hili tutawatazama wote watatu, hasa huyo wa tatu.

Tumechagua mifano kutoka mji wa New York, Marekani. Mambo yenyewe yalikwisha zamani, kwa hiyo twaweza kuona mwanzo wake na mwisho wake bila kugombana.

1. Mtaa uliokataa ukashinda

Upande wa kusini wa kisiwa cha Manhattan kuna bustani iitwayo Washington Square, yenye ukubwa wa karibu ekari kumi. Barabara mashuhuri ya Fifth Avenue hutoka kaskazini na kukomea hapo, mbele ya tao kubwa la mawe meupe. Zamani magari yalipita ndani ya bustani, na mabasi yaligeuzia humo, ingawa watoto walicheza na wazee walikaa humo humo.

Mwenye sauti kubwa katika ujenzi wa mji huo alikuwa Bwana Robert Moses. Mwaka 1934 alipewa usimamizi wa bustani za mji, kisha akashika vyeo vingi kwa pamoja, wala hakuwahi kuchaguliwa kwa kura katika hata kimoja. Tusiwe wepesi kumhukumu. Alijenga viwanja vingi vya michezo, mabwawa ya kuogelea na madaraja, na watu wengi walifaidika. Lakini alitaka barabara kubwa ikate katikati ya bustani ile, ili Fifth Avenue iungane na mitaa ya kusini iliyokuwa ikijengwa upya.

Mwaka 1952 akina mama wawili, Shirley Hayes na Edith Lyons, walianzisha kamati ya kupinga. Wenzao kadhaa walikuwa tayari kukubali barabara nyembamba zaidi. Bibi Hayes alishikilia kwamba magari yote yatoke. Baadaye alijiunga nao mwandishi Jane Jacobs, mkazi wa jirani, na watoto wake wakasaidia kukusanya sahihi. Inasimuliwa kuwa Bwana Moses alilalamika kwamba hakuna anayempinga ila kundi la akina mama.

Sasa tuangalie hekima yao. Mwaka 1958 waliomba bustani ifungwe kwanza kwa majaribio. Wakubwa walionya kwamba mitaa ya pembeni itafurika magari. Wakazi wakajibu, "Basi tujaribu tuone." Novemba mwaka huo ikafungwa. Sote twajua kwamba barabara inapofunguliwa, utepe hukatwa. Siku ile utepe ulifungwa! Magari yalipohesabiwa baadaye, mitaa ya pembeni haikuwa imezidiwa. Mwaka 1959 ikaamuliwa kuwa kufungwa huko ni kwa kudumu, na hadi leo bustani hiyo ni ya waendao kwa miguu.

2. Mtaa uliokataa ukashindwa

Mwalimu anayefundisha kwa mifano ya ushindi tu huwadanganya wanafunzi wake. Tuvuke basi mto, twende Bronx, katika mtaa wa East Tremont.

Desemba 1952 wakazi wa huko walipata barua. Barabara kuu ya Cross Bronx Expressway ingepita kwao, nao walipewa siku 90 wahame. Katika kipande cha maili moja tu, familia zaidi ya 1,500 zilitakiwa kutoka. Wengi walikuwa Wayahudi wa kipato cha chini, wapangaji waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi. Mama mmoja, Lillian Edelstein, akawaongoza. Hawakukataa barabara. Walionyesha njia nyingine, hatua chache tu kutoka ile iliyopangwa, kando ya bustani ya Crotona, ambako nyumba chache sana zingebomolewa. Walikwenda ofisi hii na ile, nao wakaahidiwa mengi. Mwishowe njia haikubadilishwa, majumba yakabomolewa, na watu wakatawanyika. Barabara hiyo ipo hadi leo, na inajulikana kwa msongamano wake.

Kwa nini hawa walishindwa na wale walishinda? Hoja za East Tremont hazikuwa dhaifu. Kwa maoni yetu zilikuwa na nguvu zaidi, maana hapa zilikuwa nyumba za watu, na kule bustani. Lakini wa Washington Square walikuwa na waandishi wa vitabu, na Bibi Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais, aliwaunga mkono. Carmine De Sapio, kiongozi mkubwa wa chama, alikuwa jirani yao. East Tremont walikuwa na haki, ila hawakuwa na mtu wa kuwafungulia mlango.

3. Yule wa tatu

Hapa tumrudie yule aliyenyamaza. Bwana Moses alikuwa na mpango mwingine, barabara kuu ya kukata Manhattan ya kusini, kwa kufuata mtaa wa Broome. Familia karibu 2,000 zingehamishwa. Kanisa la Katoliki lililokuwa kwenye mtaa huo lilikuwa na padri, Gerard La Mountain. Mwaka 1962 alimwendea Jane Jacobs akamwomba msaada. Yeye alisita. Alikuwa amechoka, na mtaa wa Broome haukuwa mtaa wake. Angeweza kusema, "Kwetu ni salama." Lakini alikwenda kwenye mkutano, akawa mmoja wa viongozi. Desemba 1962 mpango ulikataliwa. Ukafufuliwa, na mwaka 1968 Bibi Jacobs akakamatwa na polisi katika mkutano wa kuujadili. Mwaka 1969 ukafutwa kabisa. Ni miaka saba ya kazi, kwa nyumba za watu wengine.

4. Tujifunze nini?

Kwanza, tuulize mapema. Kigingi kikishachomekwa, mengi yamekwisha kuamuliwa. Hapa Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla hujajenga, chukua futi kamba upime. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za miradi mikubwa zichunguzwe kabla ya kazi kuanza. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, tuhudhurie, na maoni yetu yaandikwe katika muhtasari. Neno lisiloandikwa huchukuliwa na upepo.

Pili, tupinge tukiwa na pendekezo mkononi. Anayesema "hapana" peke yake huonekana mkaidi. Anayesema "jaribuni hivi" huwalazimu wakubwa kumjibu.

Tatu, na hili ndilo gumu, tuipime mioyo yetu. Je, twakataa barabara mbaya, au twakataa tu isipite kwetu? Mama mwenye uchungu wa kuzaa anahitaji gari limfikie, na mkulima anahitaji kufikisha mazao sokoni. Mtaa wenye wasomi na wakubwa ukiisukuma barabara ikaangukia mtaa wa wanyonge, huo haukutetea haki, umeuhamisha msiba tu. Tulipokuwa tukifundisha chuoni, tuliwaambia walimu wanafunzi kwamba mtoto aliyekaa nyuma akinyamaza, haina maana kwamba ameelewa. Mtaa nao unaweza kunyamaza kwa sababu haujaulizwa.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kama Bibi Jacobs angesita hadi mwisho, nani angelaumiwa?
2. Taja njia moja iliyopitishwa katika eneo lenu. Nani alifaidika, na nani alihama?
3. Kufunga kwa majaribio kulisaidia. Je, katika mtaa wenu kuna jambo linaloweza kujaribiwa kwanza kabla ya kuamuliwa?
4. Kama nyumba yako haikuguswa, ni kazi gani ndogo unayoweza kumfanyia jirani aliyeguswa: kumwandikia barua, kumsindikiza ofisini, au kumtunzia watoto anapokwenda mkutanoni?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno tu. Kila mtu ataje jirani mmoja, na akikutana na wenzake mwezi ujao, aseme alimfanyia nini.