Hesabu pikseli kabla ya kukuza picha

Picha inayopendeza kwenye simu inaweza kutoka na ukungu kwenye kijitabu cha mazishi. Kabla ya kukimbilia programu ya kukuza picha, piga hesabu.

Kwa chapa itakayoshikwa mkononi, kipimo cha wachapaji ni pikseli 300 kwa inchi. Jalada la A5 ni inchi 5.83 kwa 8.27, hivyo picha ya kulijaza inahitaji pikseli 1748 kwa 2480. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa na pikseli kama 1600 upande mrefu. Ukiilazimisha ijaze jalada, inabakiwa na pikseli 193 tu kwa inchi.

1. Tafuta faili asilia. Mwombe mwenye picha aitume kama dokumenti, isibanwe njiani. Ikiwa ipo ya karatasi tu, iskani kwa pikseli 600 kwa inchi; usiipige picha kwa simu.

2. Punguza nafasi yake. Pikseli 1600 kwa 1200 zinatosha fremu ya sentimita 13.5 kwa 10. Jina na tarehe vikae juu na chini yake, na hutahitaji kukuza chochote.

3. Ukikuza, kuza kidogo. Kutoka 1600 hadi 2480 ni mara 1.55, kuvuka mara mbili ni hatari. Katika GIMP chagua Cubic au NoHalo. Kubadilisha pikseli 72 kwa inchi kuwa 300 bila kuongeza pikseli hakuboreshi picha, kunabadili tu ukubwa wake kwenye karatasi.

4. Ichunge akili bandia. Programu za kukuza zinazoitumia hubuni kile ambacho kamera haikunasa: meno hunyooka, makunyanzi hufutika, macho hubadilika. Kwenye picha ya jengo huenda mtu asigundue. Kwa sura ya marehemu, linganisha na ya awali, kisha umwonyeshe mtu wa familia. Akisita, rudi hatua ya pili.

5. Linda kazi yako. Word hubana picha yenyewe. Zima ubanaji huo kwenye mipangilio kabla ya kuingiza picha, kisha toa PDF ya ubora wa kuchapisha.

Mwisho, chapisha nakala moja kwa ukubwa kamili, kwenye karatasi itakayotumika, kabla ya kuagiza zilizobaki. Picha iliyokuzwa kwenye skrini hukuonyesha kasoro ambazo karatasi haitazionyesha, na huficha nyingine.